Nyama ya Pori Nyumbani: Kwanza Risiti, Kisha Viungo



Siku hizi watu hufika ofisini kwa parokia kuuliza habari za vyeti, na wakiisha kupata cheti hawaondoki. Huketi kidogo, kisha huuliza habari za nyama. Watu wa Kahama, wa Bukombe na wa Geita wamesikia ya kuwa nyama ya pori yaweza kuuzwa dukani kwa halali. Basi wa kwanza huuliza: Je, mtu aweza kuichoma nyumbani kwake mchana, moshi ukapanda, majirani wakanusa, wala asikamatwe? Wa pili huuliza: Mbona mimi nikiichoma huwa kavu kama kamba ya katani?

Maswali hayo ni mawili, tena hayafanani, lakini mwenye nyumba hana budi kuyajibu yote kabla ya kuwasha mkaa. Nitaanza na lile la kwanza. Nyama kavu huharibu chakula cha jioni moja tu, bali nyama isiyojulikana ilikotoka yaweza kumwondoa baba nyumbani kwa miaka 20.

Naam, nyama ya pori yauzwa kwa halali. Mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za kuuza nyama hiyo katika maduka yenye leseni yake maalum. Nyama ya duka la namna hiyo yatoka kwa uwindaji ulioruhusiwa, au kwa mashamba ya wanyama yenye kibali. Muuzaji ana leseni, na mnunuzi hupewa risiti. Risiti hiyo msiifungie tumbaku! Itunzeni mpaka nyama iishe, na mifupa itupwe. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, nami najua thamani ya karatasi. Mtu akisema amebatizwa, twamwamini, lakini bado twaandika barua kwa parokia aliyobatizwa ili cheti kije. Nyama ya pori nayo yataka cheti chake, na asiyekuwa nacho hana la kumwonyesha askari wa wanyama anayesimama mlangoni.

Sheria yenyewe ni ile ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo nyama, ngozi, pembe, meno na kwato za mnyama wa pori huitwa nyara za Serikali. Kuwa nazo bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuwinda wewe. Thamani ikizidi shilingi 1,000,000, kesi huingia pia katika sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo ni cha miaka 20 mpaka 30.

Hapo watu wengi hukosea hesabu. Husema: "Mimi ninacho kipande kidogo tu, hakifiki shilingi elfu kumi." Lakini mahakamani hawapimi kipande kwa mizani ya bucha. Mtathmini huhesabu mnyama aliyekufa, kwa maana kipande hakikutoka kwa mnyama aliye hai. Nyumbu amepata kuhesabiwa dola 650 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi milioni moja, na watu wa huku Kanda ya Ziwa wamehukumiwa miaka 20 kwa vipande viwili vitatu vya nyama kavu. Wengine waliachiliwa baadaye kwa rufaa, kwa kuwa mambo ya ushahidi hayakufuatwa vizuri. Lakini rufaa huchukua miaka, na miaka hiyo mtu huikaa gerezani, na shamba lake hulimwa na mke peke yake, au halilimwi.

Tuseme usiku anakuja mtu na baiskeli, ana gunia nyuma, anasema kwa sauti ndogo ya kuwa ana nyama nzuri ya swala kwa nusu ya bei ya ng'ombe. Nyumba ina watoto sita, na nyama hawajaiona tangu sikukuu. Sitamcheka mama anayeisikiliza sauti hiyo. Namwomba tu akumbuke ya kuwa mwenye baiskeli ataondoka, na gunia litabaki mvunguni mwa kitanda chake yeye. Sheria huuliza nyama imekutwa kwa nani. Tena hata digidigi, hata kanga wa porini, wana kibali chao, kwa hiyo asiwadanganye mtu kwa kusema "huyu ni mdogo". Ukitaka kujua kama karibu nawe lipo duka lenye leseni, nenda kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, ukamwulize mchana kweupe. Kuuliza si kosa.

Wazee wataguna wakisomewa haya, nami sishangai. Kwao nyama ya pori haikuwa kitu kigeni. Kulikuwa na Bayege waliowinda tembo, na Banunguli waliowafuata nungunungu mpaka mashimoni mwao, maana nungunungu ni adui wa shamba la viazi na mihogo, na nyama yake ina mafuta. Vyama hivyo vilikuwa na ngoma zake na dawa zake. Anayetaka kujua habari za ngoma za Wasukuma na aende Bujora, karibu na Mwanza, penye jumba la makumbusho lililoanzishwa na Padre David Clement.

Kisha ukaja wakati wa kufyeka pori. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyama wa pori katika Tanganyika, aliongoza uchunguzi wa mbung'o na makao yake yalikuwa Shinyanga, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Watu walitoka kwa wingi pamoja na watemi wao wakakata miti, ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wapate malisho. Mbung'o wakapungua, na wanyama wa pori wakakosa mahali pa kukaa. Pamba na ng'ombe wakaja wakaimaliza miti iliyobaki, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI kuwarudisha watu kwenye ngitili za babu zao. Miti ilirudi mahali pengi, lakini pofu na nyumbu hawakurudi kuishi katikati ya mashamba. Wanyama wakubwa sasa wako mbali: Kigosi na Moyowosi upande wa magharibi, Maswa upande wa Serengeti. Rubondo, kisiwani, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na huko hakuna uwindaji. Basi kijana wa Kishapu wa leo humjua pofu kwa picha tu, na nyama yake kwake ni ngeni kama pweza wa Pwani.

Kabla ya jiko kuna neno moja zaidi, nalo ni la ugonjwa. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe asiguswe, asipasuliwe, wala asiliwe. Ugonjwa wa kimeta huua ng'ombe, huua wanyama wa pori, na huua watu. Mwishoni mwa mwaka 2016 kimeta kiliingia kata ya Selela, wilaya ya Monduli, kikashika wanyama wa pori, mifugo na watu. Mara nyingi mzoga wa kimeta hutoka damu nyeusi puani au nyuma, na damu hiyo haigandi. Mbegu za ugonjwa huu hukaa udongoni miaka mingi, na moto wa jikoni si wa kuutegemea kuziua. Mwiteni afisa mifugo. Tena nyani na popo wasifike mezani kabisa. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera mwaka 2023, na tena Januari 2025 huko Biharamulo, mlangoni pa Geita, na makao ya kirusi chake ni popo wa matunda. Sisemi ya kuwa waliougua walikula popo. Nasema tu ya kuwa popo si kitoweo.

Haya, sasa tuseme unayo nyama, unayo risiti, na mkaa upo. Kwa nini nyama ya pori hukauka?

Kwa sababu haina mafuta. Ng'ombe aliyenona ana mafuta ndani ya nyama yenyewe, yapita kama mistari myeupe, na yakishikwa na moto huyeyuka yakailainisha. Swala hukimbia maisha yake yote, na nyama yake ni nyekundu tupu. Ukiichoma kama mbuzi wa mnada, maji yake hutoka yote ukabaki na kuni. Mpishi wa nyama ya pori ana kazi mbili: kuitia mafuta isiyokuwa nayo, na kuilainisha kabla haijaona moto. Kazi hizo ndizo za viungo. Harufu nzuri huja baadaye.

Kwanza ondoa ngozi nyembamba na utando mweupe unaong'aa, maana huo hujikunja motoni na kuikaza nyama. Ondoa na yale mafuta machache yaliyo nje. Watu husema nyama ya pori ina harufu kali. Harufu hiyo kwa sehemu kubwa imo katika mafuta yake, na katika damu isiyotoka vizuri. Kisha kata nyama ukivuka nyuzi zake, si kufuata nyuzi, vipande vya unene wa kidole gumba. Hapo peke yake umeshapata nusu ya ulaini.

Kwa kilo 1 ya nyama chukua maziwa mgando kikombe kimoja. Sisi wa Usukuma hatuna udhuru hapa, maana maziwa hayo tunayo, nayo ni bora kuliko ndimu. Ndimu ni kali: hupausha nyama upesi kama imeiva, na ikikaa sana huikausha. Maziwa mgando yana ukali wa polepole. Ndani yake tia kitunguu saumu punje 4 zilizopondwa, tangawizi kipande cha kidole kilichotwangwa, pilipili manga, chumvi kijiko kimoja cha chai, na vijiko 2 vya kulia vya mafuta ya alizeti au ya pamba. Koroga, laza nyama humo, geuzageuza mpaka kila kipande kimefunikwa. Tumia bakuli la udongo, la kioo au la plastiki safi. Sufuria ya alumini haifai kwa vitu vichachu.

Nani hana maziwa? Ukwaju utafaa. Loweka kipande cha ngumi ya mtoto, ukamue, uchuje, uchanganye na mafuta na vile viungo. Na yule mwenye mpapai nyumbani asidharau papai bichi. Ndani ya utomvu wake imo nguvu ya kuvunja nyuzi za nyama, na hata nyati mzee huisalimu amri. Lakini kijiko kimoja cha papai lililokunwa, kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja, chatosha. Wako watu hulaza nyama na papai usiku kucha. Asubuhi hukuta uji.

Muda wa kulaza wategemea kama una jokofu. Mwenye jokofu aiache katika maziwa mgando usiku mzima, naye atafurahi. Asiye nalo asifanye hivyo, kwa maana joto la Shinyanga halingoji. Aiweke saa moja, wala isizidi saa mbili, bakuli likiwa limefunikwa, limesimama ndani ya karai la maji, kivulini, na kitambaa kimeloweshwa juu yake. Tafadhali sana, msiamini maneno ya kuwa ndimu na pilipili huua wadudu wa ugonjwa. Viungo hulainisha na kunukiza. Kuua ni kazi ya moto. Kwa sababu hiyo rojo lililolaza nyama mbichi lisimwagwe juu ya nyama iliyoiva. Ukilitaka kwa kuchovyea, lichemshe kwanza mpaka lifurukute.

Moto nao una adabu yake. Ngoja mkaa uvae majivu ya kijivu, ndimi za moto zitoweke. Wavu uwe juu ya mkaa kiasi cha shubiri moja. Ukitunga mishikaki, weka kati ya vipande kipande kidogo cha mafuta ya mkia wa kondoo: yatayeyuka na kuinywesha nyama jirani yake. Hiyo ndiyo siri, kama ipo siri. Geuza mara kwa mara, na kila ukigeuza paka samli kidogo. Ichome mpaka ndani pasiwe na wekundu na maji yanayotoka yawe meupe. Nasikia mahoteli ya watalii humpa mgeni nyama yenye damu ndani. Sisi hatuli hivyo, na kwa nyama ya pori tusijifunze, maana nyati huweza kuwa na kifua kikuu cha wanyama, na ngiri ana minyoo midogo isiyoonekana kwa macho.

Kwa hiyo nyati na ngiri nawaweka mbali na swala. Wachemsheni kwanza. Nyati akate vipande, achemke na chumvi na kitunguu mpaka uma uingie, apoe, ndipo alazwe katika viungo na kupitishwa motoni upesi ashike rangi. Mchuzi wake msimwage, ni chakula cha kesho pamoja na ugali wa mtama. Ngiri afanywe vivyo hivyo, asibaki na sehemu mbichi hata kidogo. Na kumbukeni ya kuwa ngiri ni jamaa ya nguruwe. Ukimwalika jirani Mwislamu, mwambie mapema ni nyama gani, na imekufaje, ili achague mwenyewe, nawe umwandalie kingine kwa sufuria nyingine. Hata kwetu ziko koo zenye mwiko wa mnyama fulani. Kumlisha mtu mwiko wake kwa siri si mzaha.

Sasa nasema na ninyi mnaokaa karibu na machimbo: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na kwingineko. Chunguzeni jiko lenu. Katika nyumba nyingi jiko lile lile lililochomewa dhahabu yenye zebaki jana ndilo linalochoma nyama leo, na karai lile lile huosha mchanga asubuhi na mboga jioni. Zebaki ikipata moto huwa mvuke usioonekana, kisha hushika kuta, vyombo na nguo. Huumiza ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia kuliko wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamagasa kupima zebaki katika udongo, maji na miili ya watu, kwa hiyo jambo hili si uvumi. Jiko la dhahabu lisiingie nyumbani, wala chombo chake kisirudi kuwa cha chakula hata kikisuguliwa kwa majivu siku nzima. Vilevile mafundi hupasua mapipa wakayafanya majiko ya kuchomea. Pipa lililotoka kwenye vati za sianidi lisinunuliwe kwa bei yoyote. Na wavu uliopakwa zinki, ule wa banda la kuku, haufai juu ya mkaa, kwa maana zinki nayo hutoa moshi mbaya. Tafuta nondo nyembamba za chuma kitupu, fundi azichomelee.

Jambo la vijiti ni dogo, lakini nimeliona kwa macho. Watoto wakitumwa kutafuta vijiti vya mishikaki hukimbilia ua ulio karibu, na ua wetu ni wa minyaa. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza mdomo, na ukiingia jichoni huweza kulipofusha. Watumeni wakakate mianzi, iloweke maji nusu saa isiungue.

Wengi wenu, najua, hamna duka la nyamapori karibu wala hamtalipata mwaka huu. Msihuzunike. Laza sungura wa kufugwa katika maziwa mgando kwa namna hii hii, mchome taratibu na samli, na wageni wa ubatizo watauliza ni mnyama gani. Hata beberu mzee, ambaye watu humkimbia, huwa mtu mwingine kabisa akipata papai la nusu saa.

Na aliyenunua nyama dukani asitamani kuongeza pambo. Pembe, ngozi au mkia wa mnyama wa pori ukutani ni nyara pia, na risiti ya nyama haivifuniki vitu hivyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya michembe, na jinsi ya kuikausha isiingie wadudu kabla ya mvua.